Wiki Mbili za Kiitaliano

Ukikulia Malindi, Kiitaliano hukijui, lakini pia hakikushtui. Kimekuzunguka. Kiko kwenye mabango ya maduka ya aiskrimu, kiko kwenye menyu, kiko vinywani mwa vijana wa ufukweni ambao hawajawahi kupanda ndege na wanakisema kwa kasi hadi Mwitaliano mwenyewe anasimama kuwatazama. "Ciao bella", "quanto costa", "andiamo", "domani". Waitaliano walianza kuzoeleka huko kwetu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco pale Ngomeni, na satelaiti ya kwanza ikarushwa kutoka jukwaa lao la baharini Aprili 1967. Nyuma ya wahandisi wakaja wenye hoteli, nyuma ya wenye hoteli wakaja watalii, na nyuma ya watalii wakaja wauza vinyago, wauza shanga na wenye mashua. Yaani sisi.

Lakini Kiitaliano hicho ni cha kuuzia. Kinajua bei, rangi na ukubwa. Kina leo na kesho. Jana hakina, kwa sababu mteja wa jana ameshapanda ndege. Hakijui kumuuliza mtu ameamkaje, wala kumbembeleza mtoto anayelia. Na mimi nilikuwa na mtoto wa kuzungumza naye.

Dada yangu mkubwa huu ni mwaka wake wa tisa Italia. Anaishi Perugia, mji wa mlimani katika jimbo la Umbria, na kazi yake ni kutunza wazee majumbani, kazi ambayo wenyewe huiita "badante". Mwanawe ana miaka sita. Kiswahili anakielewa, maana mamake humkaripia kwa Kiswahili, lakini akijibu anajibu kwa Kiitaliano. Kwenye simu mazungumzo yetu yalikuwa mafupi: mimi "hujambo baba", yeye "ciao", kisha anamrudishia mamake simu. Basi nilipopata likizo na viza ya wiki tatu, nikajiandikisha kozi ya wiki mbili katika shule ndogo ya lugha pale mjini. Dada akacheka. "Wiki mbili utajifunza kuagiza kahawa tu, na wewe kahawa hunywi."

Perugia ni mji mzuri wa kuwa mwanafunzi. Una chuo kikuu maalumu cha wageni, Università per Stranieri, kilichoanza mwaka 1921, kwa hiyo mwenye duka la mikate ameshasikia Kiitaliano kibovu cha mataifa yote na hashangai. Kila asubuhi nilipanda ngazi za umeme zinazopita ndani ya Rocca Paolina, ngome ambayo Papa Paulo wa Tatu aliijenga baada ya kuushinda mji huu katika Vita vya Chumvi vya mwaka 1540. Aliijenga juu ya nyumba za wapinzani wake, na mpaka leo unapita chini ya ardhi katikati ya mitaa iliyofunikwa, milango na madirisha yakiwa bado yapo. Mkate wa huko hautiwi chumvi. Husimuliwa kwamba watu waligoma kununua chumvi ya Papa na hawajarudi nyuma tangu hapo. Kama ni kweli au la, mkate ni chapwa, na dada yangu bado haujamkubali.

Darasani tulikuwa wanane: mstaafu wa Kijerumani anayependa opera, wanafunzi wawili wa Kimarekani, mpishi wa Kijapani, Mbrazili aliyekuwa akifuatilia uraia kupitia babu wa babu yake, mama wawili wa Kiswisi, na mimi. Saa nne kila siku, na mwalimu, mwanamke wa pale pale mjini, hakutamka neno la Kiingereza tangu alipofungua mlango.

Siku ya kwanza ilikuwa yangu. Kiitaliano kinaandikwa kwa irabu tano zile zile, na maneno yake karibu yote yanaishia kwa irabu. "Casa", "libro", "amico": mtu wa Kiswahili anayasoma kama aliyezaliwa nayo. Mwalimu aliuliza kama nimewahi kusoma Kiitaliano. Nikamwambia "no, Malindi", akadhani ni jina la shule. Hata mkazo mara nyingi unakaa panapokaa wetu, silabi ya pili kutoka mwisho. Kisha zikaja jeuri za lugha. "Telefono" mkazo uko kwenye "le". "Abitano", wanaishi, uko mwanzo kabisa. "Città" uko mwisho, na angalau huo wana adabu ya kuuwekea alama.

Siku ya pili tuliingia kwenye konsonanti zinazorudufiwa, na hapo ndipo darasa zima lilipoteleza. "Pala" ni sepetu na "palla" ni mpira. "Nono" ni wa tisa na "nonno" ni babu. Na kuna lile ambalo kila mwalimu wa Kiitaliano huliweka mapema ili watu wacheke na wasilisahau. Umri kwa Kiitaliano mtu anao, kama kwetu: "ho trentanove anni", nina miaka thelathini na tisa. Ukiifupisha ile "n" umesema unazo thelathini na tisa za sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya wakwe. Mmarekani mmoja alijitahidi mara sita. Mimi nilikaa nikafikiria: nitaipata wapi "n" ndefu mdomoni mwangu? Nikaikuta kwenye "nne". Sema "nne" polepole utaisikia, imesimama kabla ya irabu kama mtu anayesubiri taa za barabarani. Nyingine iko kwenye "mmoja" na "mmea". Tangu hapo kila "nn" ya Kiitaliano naitamka kama naanza kuhesabu nne.

Upatanisho ulinipa raha nyingine. Wenzangu waliteseka sana kwamba kikombe ni kike na kitabu ni kiume. Wakauliza kwa nini, na mwalimu akainua mabega. Mimi niliona ngeli mbili, umoja na wingi, basi. Sisi tunasema "kikombe changu kipya kimevunjika", na vikiwa viwili sentensi yote inageuka mpaka mwisho: "vikombe vyangu vipya vimevunjika". Wao ni "la mia tazza nuova si è rotta", kisha "le mie tazze nuove si sono rotte". Ni mchezo ule ule. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha vichwa vya maneno na wao wanabadilisha mikia. Kitenzi pia: "ni" ya "nasema" iko mbele hata ikimezwa, "o" ya "parlo" iko nyuma. Kuna hata maneno yanayohama ngeli yakiwa mengi: mkono mmoja ni "il braccio", mwanamume, na mikono miwili ni "le braccia", wanawake. Mjerumani alikunja uso. Mimi nilijiona niko nyumbani.

Kisha kuna maneno yanayofanana na yetu bure tu. "Magari" kwao si vyombo vya kusafiria. Ni "laiti" au "huenda", neno la mtu anayetamani kitu asichokitegemea. Ukimuuliza mtu kama atanunua nyumba Roma, anakujibu "magari!" na mtu wa Mombasa anaanza kutafuta maegesho. "Basta" na "basi" zinakutana kwa maana ingawa hazina ukoo, maana basi yetu ilitujia na upepo wa Uajemi na Uarabuni. Nyingine zina ukoo wa kweli, wa mbali, kupitia Wareno waliopita pwani yetu: "vino" na mvinyo, "cassa" na kasha. Wareno walichukua kwenye Kilatini, nasi tukachukua kwao.

Lakini neno nililolipenda kuliko yote sikufundishwa darasani. Jumapili ya kwanza dada alinipeleka kwa bibi anayemtunza, mwanamke wa miaka tisini na kidogo. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa tumeitwa, hata chakula tulikuwa tukikinusa, na bado dada alisimama kizingitini akaita: "Permesso?" Kutoka ndani ikajibu sauti: "Avanti, avanti!" Nikamgeukia. "Si hodi hiyo?" Akasema, "Ndiyo, hodi." Miaka tisa anapiga hodi kwa Kiitaliano na hakuwahi kuniambia, kwa sababu kwake ilikuwa jambo la kawaida mno. Na "prego" ni karibu yetu yenyewe: unajibiwa ukishukuru, unaambiwa ukipishwa mlangoni, unaambiwa ukiwekewa chakula. Kamusi ya Kiingereza imeandika nusu ukurasa kueleza "prego". Kwa Kiswahili ni neno moja.

Yule bibi sikumwelewa hata kidogo. Anazungumza lahaja ya Perugia, ambayo humeza irabu za katikati ya maneno, zile zile nilizokuwa nikijivunia. Dada alimwelewa yote na kumjibu kwa lafudhi yake. Kesho yake nilimwuliza mwalimu, na jibu lake likawa ndilo somo kubwa la wiki. Italia ilipoungana mwaka 1861, raia wengi wa nchi mpya hawakujua lugha ya taifa lao. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba waliokijua Kiitaliano wakati huo walikuwa kama asilimia 2.5, hata waliompinga hawakufika asilimia 10. Waliobaki walisema lahaja za kwao. Kiitaliano cha vitabuni kilitokana na Kitoskana cha Firenze, na kilikuwa na hadhi ya Dante na wenzake, lakini ilibidi watu wakijifunze. Alessandro Manzoni mwenyewe, mtu wa Milano, alitoa riwaya yake I promessi sposi mwaka 1827, akaenda Firenze mwaka huo huo kusikiliza watu wakizungumza, kisha akaiandika upya kwa Kiitaliano cha huko na kuitoa tena kati ya 1840 na 1842.

Niliposikia hayo niliwaza kwetu. Mwaka 1928 walikaa mkutano Mombasa kuamua Kiswahili gani kitakuwa sanifu, na uamuzi ukaangukia Kiunguja. Mombasa ikawa mwenyeji wa kikao kilichoiacha Kimvita nje, Kimvita cha Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, Manzoni akiwa anaitengeneza riwaya yake. Mtoto wa pwani ya kaskazini anayesema "mato" na "kitwa" na "ndia" anaingia shule na kupigiwa mistari myekundu kwenye lugha ya bibi yake. Simlaumu mtu, lugha sanifu imetupa vitabu na wasomaji kutoka Lamu hadi Bukavu. Nasema tu kwamba nilimwelewa vizuri yule bibi wa Perugia aliyekataa kusema vile televisheni inavyosema, hata kama sikuelewa neno lake hata moja.

Wiki ya pili tulisoma "Lei". Kiitaliano kina "wewe" mbili. "Tu" ni ya mtoto, rafiki, ndugu, na Mungu. "Lei" ni ya mtu usiyemjua na unayempa heshima, na kisarufi ni nafsi ya tatu, "yeye" ya mwanamke, hata unapomwambia mwanamume mwenye ndevu. Kwa hiyo "scusa" ni samahani ya rafiki na "scusi" ni samahani ya mtu usiyemzoea. Sisi heshima yetu hatukuiweka kwenye kiwakilishi. Tumeiweka kwenye shikamoo, kwenye mzee, mama, bi, kwenye kusimama mtu anapoingia. Mwalimu alituambia tusiwe na wasiwasi, mgeni akikosea atasamehewa. Mama mmoja wa Kiswisi akauliza: na wao, wakituita sisi, watatuita nini? Mwalimu akasema, "Lei, naturalmente."

Siku mbili baadaye nilimsindikiza dada kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi zake. Mbele yetu alikuwepo mwanamke wa Kiitaliano, rika moja na dada. Dirishani aliambiwa "Lei, signora", akaombwa kusaini, akashukuriwa. Zamu yetu ilipofika, sauti ile ile ikasema: "Hai il documento?" Unayo hati? Kwa "tu". Wiki moja kabla nisingesikia chochote. Sasa nilisikia, na masikio yakanichoma. Dada alisogea, akatoa hati yake, na kusema kwa utulivu: "Guardi, signora, Le ho portato anche la copia." Tazama, bibi, nimekuletea na nakala. "Guardi", si "guarda". "Le", si "ti". Kila walipomwita kwa "tu", yeye aliwajibu kwa "Lei", bila kupandisha sauti, mpaka karatasi ikagongwa muhuri.

Nje nilimwuliza kama aliona. "Naona kila siku," akasema. "Nikimjibu kwa tu, basi nimekubali." Yule bibi anayemtunza naye humwita "tu", lakini hiyo ni ya mama kwa mwanawe, na dada humjibu kwa "Lei" kama mtoto aliyelelewa. Ni kiwakilishi kimoja, na dada anajua kipi ni cha mapenzi na kipi ni cha dharau. Hilo hakujifunza shuleni. Mwalimu wangu ni mtu mwema na kila alichotufundisha ni sahihi. Lakini "naturalmente" yake ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kusimama dirishani akiwa na ngozi yetu.

Katika begi nilikuwa na kitabu cha Jhumpa Lahiri, mwandishi wa Kimarekani mwenye asili ya Kibengali, aliyehamia Roma mwaka 2012 na mwaka 2015 akatoa In altre parole, alichokiandika moja kwa moja kwa Kiitaliano. Ni kitabu cha mapenzi ya lugha, cha mtu aliyechagua kuwa mgeni ndani yake. Nilikisoma jioni mezani kwa dada, yeye akiwa upande wa pili na daftari lake. Yeye Kiitaliano hakukichagua. Alikisomea katika shule ya serikali ya watu wazima, jioni, baada ya kazi. Kwa uraia, ambao mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya huomba baada ya miaka kumi ya kuishi kisheria, tangu mwishoni mwa 2018 sheria kwa kawaida inataka B1. Miaka yake kumi inatimia mwakani. Darasani kwetu asubuhi, B1 lilikuwa jina la kundi la chumba cha jirani. Mezani kwa dada ni nauli ya kuja kumzika mzazi na kurudi bila kuogopa mpakani.

Cha ajabu ni kwamba tulikuwa na nusu nusu. Dada anazungumza Kiitaliano kama maji, anagombana na muuza samaki kwa bei na kushinda, lakini akiandika anaandika anavyosikia, na konsonanti mbili zinamtoroka. Mimi nilijua "c'è" inaandikwaje na "sono nata" inapatanaje na mwanamke, lakini nikiulizwa swali dukani nilihitaji dakika nzima. Tukaanza kusomeshana. Nilimpa "nne" na "mmoja", na akapiga meza: "Kumbe ndiyo hiyo!" Yeye alinipa kasi, na matusi mawili ya heshima kwa ajili ya madereva.

Na mtoto? Yeye alikaa katikati yetu na kutusahihisha wote wawili. Alifurahi sana kugundua kwamba watu wazima wanafeli. Siku moja nilimwambia mimi ni mama yake mdogo. Akatafsiri kwa sauti: "mamma piccola?" Akacheka mpaka akalala sakafuni, maana mimi ni mnene kuliko mamake. Kwao mimi ni "zia", na "zia" ni yeyote: dada wa mama, dada wa baba, mke wa mjomba. Naye kwangu ni "nipote", neno ambalo ni la mpwa na la mjukuu pia, kwa hiyo kwa Kiitaliano yeye kwangu na yeye kwa mama yangu ni neno moja. Nikamweleza kwamba kwetu shangazi ni wa upande wa baba, na dada wa mama haitwi shangazi. Ni mama, mkubwa au mdogo, na yeye si mpwa wangu bali ni mwanangu. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa Kiitaliano: kwa hiyo nina mama wawili? Nikamjibu kwa Kiitaliano, polepole, kila irabu mahali pake, kwamba ndiyo, na mmoja anakaa Malindi. Jibu hilo nililitunga peke yangu, bila daftari, na lilikuwa na wakati uliopo, upatanisho na kiunganishi. Kwa hilo peke yake ada ya kozi ilirudi.

Akanijibu, "Va bene, mama mdogo." Maneno mawili yao, mawili yetu.

Sasa nimerudi, na Kiitaliano changu kinapungua kama maji ya mtungi uliotoboka. Kila Jumapili jioni tunapigiana simu. Dada ananisomea barua za mazoezi ya B1; mada ya wiki iliyopita ilikuwa kumweleza rafiki mji uliozaliwa, naye akaandika ukurasa mzima juu ya soko la Malindi, samaki, pweza na wanawake wa maandazi, kwa lugha ambayo vijana wa ufukweni hawajawahi kuihitaji kwa kazi hiyo. Mimi naangalia konsonanti mbili. Mtoto anaangalia matamshi yangu. Mtihani ni Juni.